Sikuja Kuomba, Nimekuja Kula

Juzi mlinialika ukumbini Ruiru, ninyi vijana wa fulana za rangi moja zilizoandikwa kifuani kwamba mnajali. Nikapewa kiti cha plastiki na chupa ya maji, na binti mmoja mwenye kipaza sauti akaniambia, "Shosho, tupe tu mambo matatu makuu ya kusaidia mtu mwenye ugonjwa wa kula." Mambo matatu! Kama vile mtu ni jiko la gesi, unasoma kikaratasi, unawasha. Kabla sijamaliza hata la kwanza, sambusa zikaletwa, mkasimama kupiga picha. Na katika kundi lile zima la watu wanaojali, hakuna hata mmoja aliyemtazama msichana wa safu ya nyuma aliyekuwa akiitazama sambusa yake kama nyoka. Mimi nilimwona. Nikaenda nikakaa naye, tukaongea, na tuliyoongea ni yetu.

Ninyi sasa nawaandikia. Mkichoka, wekeni chini mkapige picha.

Nilikuwa muuguzi wa wodi ya wanawake katika hospitali moja ya Thika. Jina langu ni Wangeci, lakini hakuna aliyelitumia. Nilikuwa Sista, mpaka leo nikipita sokoni kuna mtu ataniita hivyo. Haya nitakayosema ni ya katikati ya miaka ya tisini, na lazima kwanza mjue kwamba miaka hiyo mtu akikonda, alikuwa na ugonjwa mmoja tu. Haukutajwa. Watu walisema "ule ugonjwa," wakashusha sauti, wakasogeza viti nyuma. Ukikonda kwa mawazo, ule ugonjwa. Ukikonda kwa kifua, ule ugonjwa. Ukikonda kwa kukosa unga, majirani wako walikuwa tayari wanagawana masufuria yako.

Ndipo akaletwa Waithera. Alikuwa na miaka kumi na saba, mwanafunzi wa bweni, kwao mtaa wa Kahawa Sukari. Baba yake, Bwana Mwaura, alikuwa karani katika chuo kikuu, na mama yake alifundisha shule ya msingi. Alikuwa ameanguka paredi ya asubuhi shuleni. Akafika kwetu amevaa sweta mbili, na nje jua linapasua mawe.

Wakampima malaria. Wakampima taifodi. Wakampima minyoo, na ilipokosekana, daktari mmoja kijana akaandika dawa ya minyoo hivyo hivyo, labda kwa heshima ya minyoo. Mwishowe wakampima ule ugonjwa. Wakati wa kusubiri majibu, mfagiaji alikuwa akipita mbali na kitanda chake, na nesi mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa bado yu hai na bado ni mjinga, alikuwa akivaa glavu mbili kumpelekea kikombe cha maji.

Majibu yakatoka kwamba hana. Bwana Mwaura akacheka kwa sauti pale wodini. Akamwambia mkewe, "Si nilikuambia? Mtoto ni mzima. Funga nguo twende."

Mzima! Mtoto aliyekuwa akishika ukuta ili afike msalani.

Yule daktari kijana naye akafunga faili. "Huyu anaringa tu," akaniambia. "Kuacha kukula ni ugonjwa ya wazungu. Mtoto wa hapa ataacha kukula aje na chakula iko?"

Maneno hayo ya ugonjwa wa wazungu nimeyasikia kwa madaktari, kwa walimu wakuu, kwa wachungaji na kwa wanawake wa chama wakila keki. Sijawahi kuona ugonjwa ukisimama mlangoni kumuuliza mtu ni kabila gani. Lakini mtu akikosa jibu, neno "wazungu" humfaa sana. Linamruhusu kwenda nyumbani mapema.

Aliyetuokoa ni Daktari Muthoni, mwanamke mfupi asiyependa maneno. Alifunga pazia, akakaa kitandani kwa Waithera, akamuuliza maswali mpaka chakula chake mwenyewe cha mchana kikapoa. Kisha akawaita wazazi.

"Mtoto wenu ni mgonjwa," akasema. "Ni ugonjwa wa akili na wa mwili kwa pamoja, na unaua."

"Akili?" Bwana Mwaura akasimama. "Unasema msichana wangu ni wazimu?"

"Nasema ni mgonjwa. Keti."

Akaketi. Daktari akawaeleza kwamba yuko mtaalamu mmoja Nairobi ambaye Waithera angempata mara moja moja, na kwamba chakula kingerudi polepole, kwa kipimo, damu ikiangaliwa. Mwili uliokaa na njaa ukijazwa ghafla, moyo wenyewe unaweza kusimama. Mama Waithera aliitikia kila neno. Kesho yake nikamkuta mlangoni na hotipoti ya mukimo, viazi vya kuponda na mahindi, ya kulisha wajenzi wa ghorofa. Nikaishika. Tukavutana mimi na yeye, kila mtu na mpini wake, mpaka akaanza kulia, nami nikamkalisha nikamweleza upya.

Uji mwepesi ukawa ndio mwanzo. Sasa nani atamfanya aunywe? Nesi mmoja alimfokea. Mwingine akambembeleza kama mtoto mchanga. Wa tatu akamkumbusha kwamba kule kaskazini kuna watoto wanaokufa njaa. Waithera aliwasikiliza wote kwa adabu kubwa, na uji ukapoa.

Kitanda cha upande wa pili kilikuwa na mwanamke wa miaka thelathini hivi, jina lake Zuhura. Alizaliwa Majengo hapo hapo Thika, baba yake asili yake Tanganyika, mama Mkamba aliyesilimu, na yeye mwenyewe akiuza leso na vitenge sokoni alikuwa akipiga Kikuyu kunishinda mimi. Hakuwa amekonda. Hilo lisikieni vizuri, ninyi mnaotafuta mifupa ndipo muamini. Ukikutana naye njiani ungesema huyu ana afya njema. Aliletwa kwa sababu misuli ilikuwa ikimkaza na moyo ukirukaruka, na ni Daktari Muthoni tena aliyemuuliza faraghani kile ambacho hakuna aliyekuwa amemuuliza. Zuhura akasema, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kwamba tangu usichana amekuwa akila kisha kujitapisha. Mama yake alikufa hajui. Mume aliyemwacha hakujua.

Nilikuwa nabadilisha dripu niliposikia sauti yake ikivuka wodi.

"Wewe mtoto. Hiyo unafanya na kijiko, wacha."

"Sifanyi kitu," Waithera akasema.

"Unafanya. Mimi nilikuwa naifanya wewe ukiwa bado unanyonya."

Sitawaandikia alichokuwa akifanya na kijiko. Najua yupo atakayesoma hapa ili ajifunze hila, na huyo sitamfundisha. Nitamwambia tu kwamba namwona, na kwamba aende akaongee na mtu leo.

Waithera akainua uso. Tangu aletwe hakuwa ameniuliza swali hata moja, mimi wala mwingine.

"Kwani wewe pia?"

"Mimi pia. Yangu imeingilia mlango mwingine, lakini nyumba ni ile moja."

"Inaishanga?"

"Sijui. Yangu haijaisha. Leo asubuhi nimekunywa chai na mkate, na imekaa. Hiyo ndiyo najua."

Mngekuwa ninyi, mngemwambia itaisha, mna hakika, kila kitu kitakuwa sawa, mkamshika bega. Zuhura alishika chuma cha dripu yake, akakikokota mpaka ng'ambo, akaketi na kikombe chake cha uji. "Kunywa yako, mimi nikunywe yangu. Hatuangaliani." Wakageukia dirisha wote wawili. Zuhura akaanza kumsimulia habari za mteja mmoja wa Makongeni aliyerudisha leso kwa sababu maandishi yake yalikuwa yakimtukana mama mkwe wake, na mama mkwe alijua kusoma. Waithera akacheka. Uji haukuisha wote, lakini ulishuka kuliko siku yoyote.

Nami nikadhani kazi imekwisha, nikageuka kwenda. Zuhura akamshika mtoto mkono. "Ngoja. Sasa ndio shida yangu mimi inaanza. Usiniache niende msalani. Niongeleshe." Uso wake ulikuwa umelowa jasho. Waithera, aliyekuwa hana nguvu ya kusimama, akamwongelesha. Alimweleza hesabu za shule, Zuhura asijue hata moja, mpaka hamu ile ikapita.

Mkuu wa wauguzi aliposikia, akaniita ofisini. Alikuwa mama mmoja aliyebana kofia mpaka nyusi zikapanda. "Sista Wangeci, tangu lini mgonjwa akamtibu mgonjwa? Ni kipofu kumwongoza kipofu!"

Nikamweleza habari za kaka yangu Kamau. Kamau alihubiriwa na padri, akatishwa na chifu, akaliliwa na mama yetu, na kila mara alikuwa akiondoka hapo akienda moja kwa moja kilabuni. Aliyemtoa kwenye pombe ni fundi viatu wa Ruiru aliyekuwa mlevi kumshinda, na ambaye alikuwa akikaa na walevi wenzake katika chumba nyuma ya kanisa wakiambiana ukweli. Mkuu akaniambia kwamba hospitali si kilabu. Nikamwambia nimeona, maana kilabuni angalau watu huongeleshana. Ikabidi Daktari Muthoni aamue.

"Wakae pamoja," akasema, "lakini kila mmoja abaki na matibabu yake. Damu ipimwe. Nairobi waende. Kwenye mizani wasimame wakiwa wamegeuka, wasisome namba. Na mmoja akizimia au moyo ukimpiga vibaya, hakuna mambo ya urafiki hapo, anakuja hospitali. Rafiki si dripu."

Hayo maneno matatu ya mwisho ningeyaandika kwenye fulana zenu.

Walipotoka wodini, nikawaambia waje kwangu Mwiki kila Jumamosi mchana. Nilikuwa na nyumba ya vyumba viwili na meza moja. Hatukuwa na wimbo wala mwenyekiti. Tulipika: githeri, wali na ndengu, viazi, chochote kilichokuwepo. Tulikula. Baada ya kula hakuna aliyeinuka peke yake mpaka muda upite. Tulichambua mboga za kesho, tukasikiliza mpira wa redio, tukawasema watu. Kusema watu ni dawa ambayo haijaandikwa popote. Jambo moja tu lilikatazwa, nalo ni kutaja mwili wa mtu, uwe wako, wa mwenzako au wa mtu wa gazetini. Wala hatukumsifu mtu kwa kumaliza sahani, kwa maana ukimsifu leo kwa kumaliza, kesho akishindwa ataona aibu kukuambia.

Kuna Jumamosi ambazo Waithera alikaa mbele ya chakula akilia. Kuna moja aliyomrushia Zuhura kijiko. Zuhura akakiokota, akakiosha, akakirudisha mezani. "Hata mimi ningekurushia," akasema, akaendelea kula.

Waithera akaanza kupata nguvu. Akahamishiwa shule ya kutwa karibu na nyumbani. Hapo ndipo watu wema walipoingia.

Dada ya baba yake alikuja kutoka Murang'a. Kina tata wa namna hiyo mnawajua. Alifungua mikono pale mlangoni Kahawa Sukari, mbele ya wageni, akapiga kelele: "Haiya! Waithera! Kumbe umenona hivi! Angalia mashavu! Ulikuwa umebaki mifupa tu, na sasa umekuwa mtu!"

Alikuwa na furaha ya kweli. Ndiyo maana siwezi hata kumchukia ipasavyo. Lakini sentensi yake moja ilibomoa Jumamosi zetu zote. Waithera alitabasamu, akamsalimu tata, akaingia chumbani kwake, na tangu siku hiyo akaacha kula.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Mama yake, badala ya kunijulisha mimi au Daktari Muthoni, akamwita mchungaji. Alikuwa mchungaji wa hema, mwenye suti ya kung'aa na viatu vya kung'aa zaidi. Akamwangalia mtoto, akafumba macho, akatangaza kwamba ni pepo la kukataa chakula. Na dawa ya pepo hilo, alisema, ni mfungo. Siku tatu, bila chakula.

Someni tena hapo. Msichana amekataa kula mpaka amekaribia kufa, na mtumishi wa Mungu anaagiza asile. Na watu wazima, wenye vyeti ukutani, wakasema amina. Waithera naye alikubali haraka sana! Hajawahi mgonjwa kupenda maagizo kiasi hicho.

Siku ya pili mama aliingia chumbani, akamkuta hawezi kuinua kichwa. Hofu ikamshinda, akampigia simu Daktari Muthoni, naye akatuma gari la hospitali na kunitaka niende nalo. Tulipitia sokoni, nikamwambia Zuhura. Alifunga kibanda katikati ya mauzo, akachukua chupa ya chai.

Tulimkuta mchungaji sebuleni na waumini wake. Akanizuia mlangoni kwa Biblia. "Mfungo haujaisha. Mkimgusa sasa, pepo litarudi na wenzake."

"Kijana," nikamwambia, "toka njiani."

Akamwona Zuhura nyuma yangu, na mtandio wake. "Na huyu? Mwislamu ataombea nini mtoto wa Kikristo?"

"Sikuja kuomba," Zuhura akasema. "Nimekuja kula."

Akampita. Bwana Mwaura, ambaye alikuwa amekaa kona muda wote huo akitazama zulia, akainuka. Alikuwa mtu mpole, mtu wa kuandika barua za wengine. Akaufungua mlango wa mbele, akaushikilia wazi. "Mchungaji, tafadhali nenda," akasema. Mlango aliushikilia mpaka wa mwisho akatoka. Nilimsamehe kile kicheko cha wodini.

Waithera alilazwa tena, akaanza tena na dripu na vijiko vya uji. Zuhura alikuwa akija mchana, anakula chakula chake pale kitandani, anarudi sokoni. Siku za mwanzo Waithera hakumwitikia hata salamu. Zuhura alikula tu. Nilimuuliza kama hakati tamaa. "Sista, mimi nisipokuja hapa, hicho chakula nitakula na nikitoe," akaniambia. "Unafikiri nakuja kwa sababu yake peke yake?"

Mwaka ukaisha, Waithera akatoka hospitali mara ya pili, Jumamosi zikarudi. Januari ikaja na joto lake, na Ramadhani ikaingia.

Zuhura aliambiwa asifunge. Daktari Muthoni alimwambia. Sheikh wa msikiti wake naye, mzee mwenye busara, alimwambia waziwazi kwamba mgonjwa ameruhusiwa, alishe maskini basi, na Mungu si katili. Zuhura akafunga. Akatuambia anajisikia vizuri. Tukahamisha chakula chetu kutoka mchana kwenda magharibi ili afuturu nasi, nami nikamwamini, maana ni nani atakayemgombeza mtu kwa sababu ya dini yake?

Waithera hakumwamini. Jumamosi ya pili adhana ilipolia kwenye redio, Zuhura akala tende moja, akanywa maji, akasema ameshiba, amezoea. Akaanza kutusimulia habari za sokoni, haraka haraka, akiusukuma mhogo pembeni ya sahani.

"Anti Zuhura," Waithera akasema. "Hiyo unafanya, wacha."



"Nafanya nini?"

"Unajua."

"Wewe mtoto utanifundisha dini yangu?"

"Sikufundishi dini. Dini siijui. Wewe ndio nakujua."

Zuhura alisimama, akavuta mtandio. Alisema maneno makali, kwamba amemlea mtoto asiye wake na sasa anapigwa naye, kwamba huko kwao Kahawa Sukari hawajui mfungo ni nini, kwamba yeye alikuwa akifunga kabla Waithera hajazaliwa. Akatoka. Nikataka kumfuata, Waithera akanizuia. "Mwache leo. Mtu akiwa hivyo hasikii. Mimi najua."  Kisha akavuta sahani yake, akala yote, machozi yakidondokea humo humo.

Kesho yake sikwenda kanisani. Waithera alinipitia asubuhi, amebeba mfuko, tukaenda Thika. Mchana tulifika kibandani kwa Zuhura. Alikuwa ameegemea marobota ya vitenge, macho yameingia ndani, na alipoinuka kutusalimu akashika mlingoti. Nikamshika mkono, nikahesabu mapigo yake bila kuomba ruhusa.

"Leo unakuja hospitali," nikasema. "Sasa hivi."

"Baada ya Idi."

"Baada ya Idi tutakuwa tumekuzika."

"Sista, ngoja," Waithera akasema. "Anti, turuhusu tuingie kwa stoo."

Nyuma ya kibanda palikuwa na stoo ndogo ya bati. Zuhura akaangalia majirani zake, wenzake wa swala, waliokuwa wamekaa kwenye vibanda vyao na midomo mikavu. Akatutangulia. Mimi nikabaki mlangoni, mgongo kwa soko, kama askari wa benki.

Waithera akatoa chapati moja kwenye mfuko. Sasa lazima mjue kwamba katika vyakula vyote duniani, chapati ndiyo aliyokuwa akiiogopa kuliko yote, kwa sababu ya mafuta. Mwaka mzima mezani kwangu hakuwahi kuigusa. Nilikuwa nimeacha hata kuipika Jumamosi. Na hii alikuwa ameipika mwenyewe, asubuhi ile, akisimama juu ya karai na harufu yake.

Akaikata katikati. 

"Nusu yako, nusu yangu," akasema. "Mimi naanza."

"Waithera, usijilazimishe kwa sababu yangu."

"Naogopa," Waithera akasema. "Naogopa sana. Hatuangaliani."

Akageukia ukuta wa bati, akauma. Nilimwona akitafuna kwa muda mrefu, macho yamefumbwa, mabega yamepanda mpaka masikioni. Zuhura alimtazama mgongo. Kisha akakaa juu ya robota, akageukia upande wake, akauma nusu yake. Huku nje mtu akaniuliza kama mwenye duka yuko. Nikamwambia yuko na wateja.

Zuhura alilazwa siku ile ile, na Daktari Muthoni akasema moyo wake haungefika Idi. Waithera alienda kumwona kila alipotoka shule, akiketi pale kitandani na chakula chake, na mara hii Zuhura ndiye aliyegeukia ukuta. Ilichukua muda. Nisiwadanganye kwamba baada ya hapo wote wawili walitulia kama maji ya mtungi. Zuhura ameanguka mara nyingine tangu hapo, na kuinuka, na kuanguka, na bado anaenda kliniki. Waithera alimaliza shule na chuo, ana nyumba yake, na kuna miezi bado anahitaji mtu wa kuketi naye. Wao wenyewe wamenikubalia niandike haya, mradi nisiwafanye malaika.

Mwaka ule ule, majuma kadhaa baada ya Zuhura kurudi kibandani, nilikuwa pale nikinunua leso. Akaja mama mmoja kutoka Githurai 45, muuza nyanya, amemshika binti yake mkono kama mtu anayeogopa upepo. Alikuwa ameshazunguka kote: dawa ya minyoo, maombi, mganga wa Mwea. Mtu sokoni alikuwa amemwambia kwamba Thika kuna mwanamke wa leso anayeujua huo ugonjwa.

"Ni wewe ndio unaponyanga?" akauliza.

"Mimi siponyi mtu, mama," Zuhura akasema. "Daktari yuko, Sista huyu atawapeleka kwake saa hii." Akamgeukia yule binti, aliyekuwa akitazama ardhi. "Wewe, mdogo wangu. Unaitwa nani?"

Binti akanong'ona jina.

"Umekula leo?"

Binti akatikisa kichwa. Zuhura akaanza kushusha leso zilizoning'inia mbele, akizikunja moja moja, akafunga biashara saa sita mchana soko likiwa limejaa.

"Hata mimi sijakula," akasema. "Na sitaki kula peke yangu. Twende."